Nilimwambia Rafiki Yangu Barua Haijaja

“Ile barua ingekuwa na jina lako, ungeiita ya matapeli?”

Rafiki yangu aliniuliza hivyo akiwa ameketi kwenye kitanda chake, katika chumba tulichopanga pamoja Bombambili, hapa Songea. Alikuwa ametoka safari, vumbi la njiani bado liko kwenye nyusi zake. Mimi, mtu ninayebishana na mhubiri, nikabishana na daktari, nikabishana hata na redio, nilikaa kimya.

Nimekosa! Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi nitajitetea mpaka wewe unayesoma uanze kunionea huruma, na huruma hiyo siistahili.

Nitamwita Somoe. Si jina lake. Anatoka Nalasi, kule Tunduru kwenye korosho. Tulikutana chuo kikuu, wote tukisoma baiolojia, na tulipomaliza tukarudi huku kusini kutafuta maisha. Tukapata kazi ya kujitolea kufundisha katika shule moja ya binafsi upande wa Mshangano. Asubuhi tulipakizana mshikaki kwenye bodaboda moja, tukibishana njia nzima mpaka dereva anacheka.

Yeye ndiye aliyenibandika jina la Bi Kwanini. “Bi Kwanini, maharage yamekataa kuiva, hebu yahoji.”

Nilistahili. Nyumbani kwetu nilikuwa yule mtoto anayeuliza kwa nini marehemu anasomewa hotuba wakati hasikii. Chuo kikuu hakikunibadilisha, kilinipa tu maneno mazuri zaidi ya kubishia. Niliamini mtu asiyeshuku chochote hajasoma.

Somoe alitaka kitu kimoja maishani, kusomea fiziotherapia. Baba yake alipata kiharusi akiwa shambani, upande mmoja wa mwili ukalala. Walimleta hospitali hapa Songea, akakutana na dada mmoja wa mazoezi ya viungo aliyemfundisha upya kusimama, kushika kijiko, kufunga kifungo cha shati. Somoe alikuwa anakaa pembeni anatazama. Halafu wakarudi Nalasi, ambako hapakuwa na mtu wa kuendeleza yale mazoezi, na mkono ukaanza kujikunja tena.

“Basi huyo mtu nitakuwa mimi,” aliniambia.

Tukaona tangazo la chuo kikuu kimoja cha nchi ya mbali, kule ambako mwaka wa masomo unaanza mwezi wa pili. Kwenye kozi za afya walikuwa wanachukua wanafunzi wachache mno kutoka nje, na kwenye fiziotherapia kulikuwa na nafasi moja tu ya ufadhili kwa mtu wa nchi kama zetu. Tuliomba wote wawili. Ndiyo, na mimi niliomba! Hilo usilisahau unapoendelea kusoma.

Mimi nilikataliwa hatua ya kwanza. Somoe akaitwa kwenye usaili.

Usaili wenyewe ulikuwa wa ajabu. Hakukuwa na mtu! Somoe alikaa mbele ya kompyuta yangu, swali linatokea kwenye kioo, anapewa muda mfupi wa kufikiri, kisha anajibu huku akijitazama mwenyewe. Mwanafunzi mwenzako ameiba majibu ya mtihani, utafanya nini? Mgonjwa anakataa mazoezi kwa sababu yanamuuma, utamwambia nini? Mimi nilikuwa nje ya mlango, nasikiliza. Kwenye lile la mgonjwa alijibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kwanza angemuuliza anautaka ule mkono umfanyie kazi gani nyumbani.

Nilisikia jibu lile nikajua kwamba mimi nisingelipata hata ningepewa siku nzima.

Alipotoka sikumpongeza. Nilimwambia, “Umeongea na ukuta. Chuo gani hicho hakina watu?”

Akacheka. “Ungekuwa wewe, ungeanza kuusaili ukuta wenyewe.”

Jambo hili hatukulitangaza. Kwao, na hata kwetu sisi Wangoni, mtu mwenye safari ya mbali hasemi. Anaficha mpaka amepanda ndege, majirani wabaki kuulizana yuko wapi. Wanaogopa kijicho na midomo ya watu. Bibi yake Somoe alinipigia mwenyewe kunionya.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hili jambo la mwenzio huko mjini analijua nani?”

“Mimi tu, bibi.”

“Na huku tunalijua mimi na baba yake. Basi liishie hapo. Usimwambie hata padri wako!”

Nilipokata simu nilicheka sana. Nikamwambia Somoe kwamba kijicho hakina uwezo wa kuingia kwenye intaneti. Ila siri niliitunza. Baadaye siri hiyohiyo ndiyo iliyonifaa, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuniuliza nafanya nini.

Korosho zilipoanza kudondoka, baba yake asingeweza kuinama kuokota. Somoe akaomba ruhusa shuleni, akaenda Nalasi kusaidia msimu wote. Shambani kwao hakuna mtandao wa maana, na alibeba simu ya kitochi tu. Akaniachia neno la siri la barua pepe yake.

“Niangalizie kila siku, Bi Kwanini. Ikija nipigie. Nisipopatikana mpigie bibi.”

“Ikija niihoji kwanza?”

“Ikija upige vigelegele, mwanamke wewe! Kuhoji baadaye.”

Ikaja.

Niliifungua shuleni wakati wa mapumziko ya chai. Walikuwa wanampongeza. Walimwita kwa jina lake la kwanza kana kwamba walicheza naye utotoni. Amechaguliwa, athibitishe kabla ya tarehe waliyoitaja, na atume cheti cha chanjo ya homa ya ini pamoja na hati ya polisi ya mwenendo mwema.

Nikatafuta muhuri. Hakuna!

Wewe unajua mambo ya hapa kwetu. Barua ya mtendaji wa mtaa ina muhuri. Ruhusa ya mwanafunzi kwenda kutibiwa ina muhuri. Siku hizi hata mwaliko wa kikao cha harusi unaupata umegongwa muhuri wa kamati! Sasa chuo kikuu kizima, kinachotaka kumhamisha mtu nchi, kimekosa wino? Chini kulikuwa na jina limechapwa tu. Hakuna sahihi ya kalamu, hakuna chochote.

Halafu hizo chanjo. Kwa nini chuo kitake habari za damu yako kabla hujaingia darasani? Na hiyo hati ya polisi, ambayo huipati bila kutoa alama za vidole! Nikaiona hadithi nzima kichwani: kuna watu mahali wanakusanya alama za vidole za wasichana wa Tanzania. Na hawakuomba hata senti. Hilo ndilo lililonitia shaka kuliko yote. Nikajiambia, matapeli wa siku hizi wamejifunza subira.

Leo najua. Mwanafunzi wa kozi za afya anaanza kushika wagonjwa mapema, kwa hiyo chuo kinataka uhakika kwamba hatawaambukiza wala hataambukizwa. Na kwa sababu ataachwa chumbani peke yake na mtu hoi asiyeweza kujitetea, wanataka kujua kama hana rekodi ya ubaya. Jibu lilikuwa jepesi namna hiyo. Mtu yeyote wa hospitali hapa mjini angenipa akiwa amesimama.

Sikumuuliza hata mmoja wao. Chuo nacho sikukiandikia, nikidai kwamba nikijibu watajua anwani inafanya kazi. Niliuliza kundi moja la mtandaoni la watu wanaotahadharishana mambo ya utapeli, watu nisiowajua na wasiojua lolote kuhusu Somoe. Wakanijibu kwa haraka: utapeli huo, dada, kimbia.

Nilifurahi! Jamani, nilifurahi kabisa. Furaha ile ingenitisha kama ningekuwa mwerevu kweli kama nilivyojidhania.

Jioni yake Somoe akapiga.

“Bi Kwanini! Nimepanda juu ya kichuguu, nimesimama kama antena. Kuna kitu?”

Nilikuwa nimepanga kumwambia. Naapa nilikuwa nimepanga! Nimwambie kuna barua imekuja, mimi naishuku, tufanyeje. Mdomo nikaufungua.

“Hakuna kitu,” nikasema.

“Hata kidogo?”

“Hakuna. Korosho zinasemaje?”

“Zimenimaliza. Mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, ukiniona utakimbia. Ila baba, wee! Amesimama bila fimbo, akatembea mpaka jikoni. Bibi kalia mpaka mboga ikaungua.”

“Msalimie sana.”

“Itakuja inshallah, au siyo?”

“Itakuja.”

Basi. Maneno machache hivyo, nikakata simu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Muhuri haukuwa sababu. Muhuri ulikuwa mahali pa kujificha.

Siku zile, hata kabla barua haijaja, nilikuwa narudi chumbani nakuta kitanda chake kimetandikwa vilevile. Napika ugali, unanishinda, kwa sababu mkono umezoea kupima wa watu wawili. Nakuta jambo la kuchekesha mtaani, nalibeba mpaka nyumbani, nafika hakuna wa kumwambia. Mtu anayehoji kila kitu hana marafiki wengi. Watu wanachoka. Shuleni nilikuwa nikiingia ofisi ya walimu, mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Ni Somoe peke yake aliyekuwa anayachukulia maswali yangu kama utani.

Nikawaza, akienda ataondoka miaka minne, pengine moja kwa moja. Na anakwenda mahali ambako mimi walinikataa.

Mawazo hayo sikuyahoji. Hapo hodari wa maswali akaishiwa!

Somoe alipiga tena, na tena, na kila mara nilimjibu vilevile. Uongo wa kwanza ulinikosesha hamu ya kula. Uliofuata niliusema huku napepeta mchele.

Kisha ikaja barua ya pili. Walisema hawajapata jibu lake, muda umekwisha, wanasikitika kwamba nafasi imefungwa. Wanamtakia heri katika mipango yake.

Tapeli gani anakuaga? Tapeli gani anakutakia heri halafu anakwenda zake?

Hata hapo ningeweza kufanya kitu. Ningempigia bibi. Ningewaandikia chuo niwaambie kosa ni langu, msichana hajui lolote. Sikufanya! Nilifunga kompyuta nikaenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Somoe akarudi mwezi wa kwanza, msimu umekwisha, na mfuko wa korosho alizonikaangia mwenyewe. Hakuoga kwanza, hakula. Aliomba kompyuta. Mimi nikakaa kitandani kwangu natazama mgongo wake. Akasoma barua ya juu. Akashuka akaisoma ya chini yake. Akapanda tena juu.

“Uliisoma hii,” akasema bila kugeuka.

“Niliona ni ya matapeli. Angalia mwenyewe, haina muhuri, haina hata sahihi—”

“Uliisoma, ukaniambia hakuna kitu.”

“Nilitaka kuichunguza kwanza, Somoe.”

Akageuka, akahamia kitandani kwake, akakaa. Ndipo aliponiuliza lile swali. Hakupaza sauti. Laiti angenitukana! Alisubiri nijibu, kwa subira kabisa, kama alivyokuwa anawasubiri wanafunzi wake wazito. Kisha akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimejibu.

Aliwaandikia chuo palepale. Wakamjibu kwa upole kwamba masomo yanakaribia kuanza na muda wa kushughulikia viza hautoshi, aombe upya msimu ujao. Msimu uliofuata ufadhili ule haukutangazwa.

Akahama. Kitanda alikiacha.

Ilipofika likizo ya mwezi wa sita sikuweza kuvumilia tena. Nikapanda basi mpaka Tunduru, kisha bodaboda mpaka Nalasi, nikiwa na maneno yangu ya msamaha nimeyakariri kama shairi la shule. Bibi yake alinipokea kwa mikono miwili. Baba mtu alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, mkono wa kushoto umejikunja kifuani kama unakumbatia kitu.

“Shikamoo baba.”

Alisema neno sikulielewa. Mdomo ulikuwa unafanya kazi upande mmoja. Bibi akawa ananifafanulia.

“Anasema marahaba. Anasema wewe ndiye uliyekuwa unamwangalizia mwenzio barua kule mjini.”

“Ndiye mimi.”

Akasema tena, kwa shida kubwa, mpaka jasho likamtoka usoni.

“Anasema asante sana, mwanangu. Kama barua haikuja, haikuja. Mungu hakuandika.”

Nikamtazama Somoe. Alikuwa anachambua kisamvu kwenye ungo, kichwa ameinamisha. Hakuwa amewaambia! Alikuwa amenisitiri kwa watu wake, mimi niliyemfanyia vile.

Halafu bibi akanivuta pembeni, nyuma ya jiko, akashusha sauti.

“Mjukuu wangu, wewe ni mtu uliyesoma, nikwambie. Hili jambo nimeliharibu mimi.”

“Wewe, bibi?”

“Mimi. Nilikuonya wewe ufunge mdomo, halafu wa kwangu ukafunguka. Siku ya maulidi nilimwambia mdogo wangu kwamba mtoto anakwenda Ulaya kusomea kumponya baba yake. Furaha ilinizidi. Wenye vijicho wakasikia. Mtoto wa watu akakosa hata kujibiwa! Sili nikashiba tangu siku ile.”

Kosa langu mwenyewe bibi yule alikuwa amelibeba kichwani, anatembea nalo kila siku. Na mimi, mpinzani mkubwa wa habari za vijicho, mimi niliyekuwa na sentensi moja tu ya kumtua mzigo ule, nilimshika mkono nikasema, “Usijali bibi, yatapita.”

Hayo ndiyo yaliyonitoka. Yatapita!

Somoe alinisindikiza mpaka barabarani. Bodaboda ilipotokea kwa mbali nikamwambia, “Mwambie bibi siyo yeye.”

“Mwambie wewe,” akasema. “Nyumba ile pale, bado unaiona.”

Niliiona. Bibi alikuwa amesimama uani anatupungia. Nikapanda bodaboda.

Tangu hapo hatujaongea. Nasikia anafundisha sekondari moja huko Tunduru. Matokeo yake ya mtihani wa Kiingereza, ambayo vyuo vya nje vinayadai, yameisha muda, na hajaomba tena chuo chochote. Namba yake ninayo. Nikiipiga inaita mpaka inakata yenyewe.

Mimi bado niko Bombambili, chumba kilekile. Kodi nalipa peke yangu ingawa inaniumiza, maana sitaki mtu mwingine alale kwenye kile kitanda. Nimejizoesha kuongea na redio. Natoa hoja, naisubiri icheke, inaendelea na habari zake. Siku za Jumapili ndizo mbaya kuliko zote. Naweza kukaa tangu asubuhi mpaka jua linazama bila mtu kunitamkia jina, na jina lenyewe la Bi Kwanini hakuna tena anayelijua.

Wewe uliyepewa neno la siri la mwenzio, nakuomba. Barua yake ikifika, mpe. Iwe ya kweli, iwe ya uongo, iwe na muhuri, iwe haina, mpe aisome mwenyewe! Mwambie unavyoshuku, bishana naye mpaka muamshe majirani, lakini mpe. Na ukijikuta umefurahi kuona mlango wa rafiki yako unafungwa, usikae na furaha hiyo peke yako. Mkimbilie mtu, umwambie siku hiyohiyo. Na kama kuna bibi mahali anajilaumu kwa kosa lako, shuka kwenye bodaboda. Mimi sikushuka, na mpaka leo naandika hapa kwa sababu najua bibi yule hasomi magazeti.

Kwa muda mrefu kulikuwa na wazo moja lililokuwa linanisaidia kupata usingizi. Nilikuwa najiambia kwamba nafasi ile haikupotea, ilipewa msichana mwingine, wa nchi nyingine kama yetu, mwenye baba yake na yeye. Nilimtengeneza kichwani mpaka nikamjua. Nilimvalisha sare nyeupe. Nilimwona anamshika mzee mkono, anamhesabia moja, mbili, tatu.

Hivi karibuni nikakata shauri kuwaandikia wale watu wa chuo, nikauliza kama yule aliyechukua nafasi hiyo amemaliza salama. Nilitaka tu kusikia kwamba amemaliza. Mwanamke mmoja wa ofisi ya udahili akanijibu kwa adabu. Alisema walimsubiri mwombaji wao wa kwanza mpaka siku ya mwisho, na walipowageukia waliofuata, hakuna aliyeweza kupata viza kwa wakati. Mwaka ule nafasi ile haikuchukuliwa na mtu yeyote.